Chama cha Wakomunisti Kilichotoka katika Chuo cha Wakatoliki

Watu wengi hufikiri kwamba ukomunisti huota tu mahali pasipo na kanisa. Tuangalie basi chama kimoja cha Ubelgiji, kiitwacho kwa Kifaransa Parti du Travail de Belgique, maana yake Chama cha Kazi. Waanzilishi wake hawakutumwa kutoka Moscow. Walitoka Leuven, katika chuo kikuu cha Wakatoliki, kile kile kilichozaa Lovanium yetu ya Kinshasa.

Mwanzo wake ni huu. Tarehe 13 Mei 1966 Maaskofu wa Ubelgiji walitangaza ya kwamba chuo kisigawanywe, na sehemu ya Kifaransa ibaki Leuven, katika nchi ya Waflama. Wanafunzi Waflama walikasirika sana. Mwezi wa kwanza wa 1968 walijaa njiani, na mwezi wa pili serikali ikaanguka. Lakini wengine kati yao, pamoja na Ludo Martens, walikuwa wameliacha neno la lugha. Walisema: ugomvi wa kweli si kati ya Mflama na Mwaloni, ni kati ya mwenye mali na mfanyakazi. Mwaka 1970 wachimba makaa wa Limburg waligoma. Vijana hao wakaenda kusimama pamoja nao, wakaanzisha kikundi cha AMADA, maana yake Nguvu Zote kwa Wafanyakazi. Mwaka 1979 kikundi hicho kikawa chama.

Mwalimu wao alikuwa Mao wa Uchina. Chama cha zamani cha wakomunisti wa Ubelgiji, kilichoanza mwaka 1921, waliona kimelegea. Kwa miaka mingi walibaki wachache, bila mbunge hata mmoja katika Bunge la nchi. Mwaka 2008 walifanya mkutano mkuu na kubadili namna ya kusema na watu. Ndipo wakapata wabunge 2 mwaka 2014, 12 mwaka 2019, na 15 kati ya 150 mwaka 2024.

Tuseme kwanza mema yao, kwa maana haki yatudai hivyo. Tangu 1971 madaktari wao, walioanza Hoboken karibu na Antwerpen, huwatibu watu bila kuwatoza. Wabunge wao huishi kwa mshahara kama wa mfanyakazi. Wanadai kodi kwa matajiri wakubwa, na wanakataa nchi ivunjwe kwa sababu ya lugha. Mkristu gani ataona haya kuwa mabaya?

Lakini tupime mzizi. Mwaka 1994 Martens alitoa kitabu cha kumtetea Stalin. Humo ndimo kosa linapoonekana wazi: kabla ya kumlilia mfu, huulizwa kwanza alikuwa wa tabaka gani, la wenye mali au la wasio nayo. Mtu si mtu tena, ni askari wa upande huu au adui wa upande ule.

Jambo hili latuhusu sisi Wakongomani. Mwaka 1985 Martens huyo aliandika juu ya Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa masomo katika serikali ya Lumumba, kisha mkubwa wa maasi ya Kwilu. Tunasifu kazi ya kuyakusanya maneno ya wenzake Mulele, ambao wachache tu walitaka kuwasikiliza. Tena Mulele aliuawa Kinshasa mwaka 1968, akiwa amerudi kwa kuamini ahadi ya msamaha. Huo ulikuwa uovu mbele ya Mungu, wala tusiufiche.

Hata hivyo, katika maasi hayo ya Kwilu wamisionari watatu waliuawa Kilembe, mwezi wa kwanza wa 1964. Na huku kwetu mashariki, chini ya waasi wengine walioitwa Simba, Padri Albert Joubert na mapadri na bruda wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba mwaka ule ule. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Padri Joubert, mzaliwa wa nchi hii, alikuwa wa tabaka gani? Hakuwa na kiwanda, wala hakulipa watu mshahara mbaya ili atajirike. Mizani ya Martens haina jiwe la kumpimia mtu kama huyo.

Papa Pio XI aliukataa ukomunisti katika barua yake ya 1937. Lakini barua ile ile yawadai Wakristu walipe mshahara wa haki. Na katika Ubelgiji hiyo hiyo Padri Cardijn alikuwa ameanzisha JOC tangu 1925, akiwafundisha vijana wafanyakazi kuona, kupima na kutenda. Dawa ilikuwako, karibu sana na Leuven. Vijana wa 1968 waliona na kutenda. Mizani ya kupimia waliikopa kwingine.

Basi, kijana wa parokia akituletea kitabu cha Martens, tusimnyang'anye. Tusome pamoja naye, tumwulize wafu wa Kilembe na wa Fizi wamewekwa wapi katika hesabu hiyo. Kisha tuangalie mshahara wa mpishi na wa mlinzi wa parokia yetu, maana yeye naye atauangalia.