Kasri la Lord Egerton: Nani Hasa Alivunjwa Moyo?

Hapa Nakuru ukitaja Kasri la Lord Egerton, pale Ngata kwenye barabara ya Njoro, utapewa hadithi hata kabla hujamaliza kuuliza. Lord alipenda mwanamke. Akamjengea nyumba, mwanamke akaitazama na kusema eti ni ndogo kama kibanda cha kuku. (Wengine husema cha mbwa.) Lord akajenga tena, safari hii jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 50. Mwanamke akakataa tena, akaolewa na mwingine. Basi Lord akapiga marufuku wanawake wote shambani mwake, na akikaribia kurudi, wake za wafanyakazi walikuwa wanafichwa. Akafa peke yake, na wapo wanaoapa kwamba hadi leo hajatoka mle ndani.

Ni hadithi tamu, sikatai. Nimeisikia kwa makondakta, kwa walimu, na kwa maharusi walioenda pale kupigwa picha, bila kujiuliza wanapiga picha za harusi kwenye kaburi la mapenzi ya nani. Lakini hadithi inayopendwa hivi inastahili kusomwa kama tunavyosoma riwaya. Nani anaongea? Nani amenyamazishwa? Na hesabu inaingiana?

Tuanze na hesabu. Niliacha chuo mwaka wa pili, ila kutoa na kujumlisha bado naweza. Maurice Egerton alizaliwa 1874. Ujenzi ulianza 1938, ukasimama wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ukakamilika 1954. Kwa hivyo alianza kujenga akikaribia miaka 64, akamaliza akikaribia 80. Mzee anaweza kupenda, sawa, lakini hadithi hutuuzia kijana aliyechanganyikiwa na posa. Tena mtu huyu alikuwa na jumba lingine tayari, Tatton Park kule Cheshire, Uingereza, mali ya ukoo wake. Mtu wa ukoo uliozoea majumba hujenga jumba, kama vile jirani yangu hapa Rhonda akipata pesa anavyokimbilia kujenga ya mawe kwao mashambani. Hahitaji kuachwa kwanza.

Uongo mzuri lakini hushikiliwa na ukweli fulani. Kweli Egerton hakuoa. Alipofariki 1958 cheo chake cha ubwana kiliisha naye. Kuna pia kipande cha hadithi kinachosema alikuwa akirusha vikaratasi kutoka kwenye ndege, kuwaonya wafanyakazi waondoe wanawake kabla hajatua. Kipande hicho siwezi kukithibitisha, ila ndege zenyewe hazikubuniwa: alipata cheti cha urubani mwaka 1910, cheti namba 11 nchini Uingereza.

Kinachonisumbua ni wale ambao hadithi imewaacha nje. Yule mwanamke hana jina. Amepewa sentensi moja tu, tusi, kisha analaumiwa kwa yote yaliyofuata. Wake za wafanyakazi hata hiyo sentensi hawana. Wanakimbia kujificha na wasikilizaji wanacheka. Mimi sijui cha kuchekesha ni kipi. Hapa mtaani kuna kina mama wanaoamka gizani kwenda kufua nguo za watu Milimani. Ukimwambia mmoja wao kwamba mwenye nyumba akirudi usionekane, hatacheka. Atakuuliza, na mshahara?

Halafu angalia miaka yenyewe. Sheria ya 1937 iliwapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota, na kuwaongezea siku za kumfanyia mzungu kazi. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, na maelfu ya Wakikuyu wakafukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Kasri lilikuwa likimaliziwa wakati huohuo. Kumbe mioyo iliyovunjika ilikuwa mingi sana, ila tunasimuliwa mmoja tu. Mapenzi yametumika kama kitambaa cha kufunika ardhi.

Linganisha na Menengai, upande wa pili wa mji. Wakikuyu huuita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na simulizi zake zinabeba vita vya Wamaasai wa Purko na wa Laikipia katika karne ya 19, na wapiganaji walioangukia shimoni. Ukiogopa Menengai, unaogopa kitu kilichotokea, na wafu wake ni wengi. Kasri lina mzimu mmoja, tena mwenye cheo.

Hata Egerton mwenyewe hadithi inamdhulumu. Mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo hapo Njoro, mwanzoni ya vijana wa kizungu, ambayo ikaja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton, wanaolisimamia kasri sasa. Jambo kubwa kama hilo, kwenye hadithi halimo.

Kwa nini basi tunaipenda? Jibu langu liko kwenye kibanda cha kuku. Hilo tusi halinukii Cheshire hata kidogo, linanukia shamba. Mimi nasikia humo sauti ya watu waliobeba mawe, wakakaa jioni wakamtungia bosi wao mwanamke mmoja jasiri, wa kumwambia usoni kwamba jumba lake lote si kitu. Siwezi kuthibitisha, ila ndivyo ninavyoisoma, na ikisomwa hivyo inakuwa hadithi kali kuliko ile ya mapenzi. Wajenzi hawakuandikwa popote kwenye hadithi, lakini huenda walituachia kicheko chao.

Kwa hivyo mkienda pale, sikilizeni hadithi yote, msimkatize anayewatembeza. Akimaliza, muulizeni mawe yalichongwa na nani, na walilala wapi.