Goodes, Zomeazomea na Filamu Mbili

Najua wasomaji wa jarida hili ni watu wa hadithi na mashairi, na mtu anaweza kuuliza mpira wa Australia unatuhusu nini sisi tunaozunguka mjini na miswada isiyopata mchapaji. Unatuhusu sana. Kuna filamu mbili zilizotoka mwaka 2019, zote za matukio ya kweli, zote juu ya mtu mmoja na kisa kimoja, ila zimesukwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Kwa anayejifunza kuandika hiyo ni bahati, maana si kila siku unaona kisa kimoja kikishikwa na mafundi wawili. Ya kwanza ni The Final Quarter ya Ian Darling. Ya pili ni The Australian Dream, iliyoongozwa na Daniel Gordon na kuandikwa na Stan Grant, mwandishi wa habari wa kabila la Wiradjuri. Nimeziangalia zote, ile ya kwanza mara tatu, na nina ugomvi na zote mbili.

Kwanza kisa chenyewe, kwa asiyekijua. Mpira wa kule siyo huu wetu. Umbo lake ni la yai, uwanja ni wa duara refu, kila timu inaingiza watu 18, unaushika kwa mkono na kuupiga kwa mguu, na mechi ina robo nne. Adam Goodes aliucheza katika ligi kuu yao, AFL, mechi 372, zote akiwa na Sydney Swans. Alizaliwa 1980, na kwa upande wa mama ni mtu wa Adnyamathanha na Narungga, yaani Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile. Medali ya Brownlow, anayopewa mchezaji bora wa ligi, aliichukua mara mbili, 2003 na 2006. Ubingwa aliupata 2005 na 2012. Mwaka 2014 akatangazwa Mwaustralia wa Mwaka. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuzomewa kila alipogusa mpira, uwanja baada ya uwanja, mpaka akastaafu Septemba 2015 na kukataa hata kuzungushwa uwanjani siku ya fainali kuagwa na wastaafu wenzake.

Ilianza hivi. Tarehe 24 Mei 2013, Melbourne, Swans wanacheza na Collingwood katika raundi iliyotengwa makusudi kuwaenzi wachezaji wenye asili ya nchi. Mechi inaelekea ukingoni, sauti ikatoka jukwaani ikamwita sokwe. Goodes akageuka, akanyoosha kidole, akawaonyesha walinzi. Aliyetamka alikuwa msichana wa miaka 13. Kesho yake Goodes akawaambia waandishi wa habari kwamba mtoto yule asilaumiwe, asaidiwe, kwani hakujifunza neno lile peke yake. Siku chache baadaye Eddie McGuire, rais wa Collingwood, ambaye baada ya mechi ile alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, akatania redioni kwamba Goodes angefaa kutumika kutangaza onyesho la King Kong. Ama kweli. Ukiandika hivyo kwenye riwaya, mhariri atakurudishia akisema umezidisha chumvi.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wangu. Kuzomea ni silaha ya ajabu kwa sababu haina neno ndani yake. Sokwe ni neno, lina herufi, linaandikwa kwenye ripoti, aliyelitamka anaonyeshwa kidole. Zomeazomea ni sauti tu. Nani asiyeijua? Simba anamzomea Yanga, Yanga anamzomea Simba, na ukishikwa ukaulizwa umemtukana nini mwenzio utajibu, "Mimi? Nimesema uuu tu." Mashabiki wa Australia walijibu vivyo hivyo. Eti tunamzomea kwa kuwa anajiangusha kuomba faulo. Eti kwa kuwa alimwaibisha mtoto wa watu. Eti anajifanya mnyonge. Sababu moja moja unaweza hata kuijadili na mtu mkiwa mnakunywa kahawa. Zikishakusanyika maelfu ya sauti, hakuna tena wa kumuuliza.

Ligi ilikuwa na kanuni ya kupiga marufuku matusi ya rangi tangu 1995, iliyotungwa baada ya Michael Long wa Essendon kukataa kunyamaza alipotukanwa na mchezaji wa Collingwood. Ilikuwa hatua kubwa, nani atabisha, lakini ilikamata maneno. Umati wa 2015 haukuhitaji neno. Ndiyo maana wakubwa wa AFL walibaki wakitafuta lugha, na mkuu wao wa wakati ule, Gillon McLachlan, akachelewa sana kuliita jambo kwa jina lake.

Darling ameliona tatizo hili kama mtunzi anavyopaswa kuliona. Katika The Final Quarter hakuna msimulizi. Hakuna mtu aliyekalishwa kitini kuhojiwa upya. Filamu nzima, zaidi kidogo ya saa moja, ni picha za zamani: mechi, vipindi vya televisheni, mikutano na waandishi, sauti za redio, vichwa vya magazeti. Kazi ya mwongozaji ni kupanga tu, hiki kilisemwa siku hii, kile siku ile. Shuleni tulifundishwa fani na maudhui kama vitu viwili, kila kimoja na swali lake kwenye mtihani. Hapa vimeshikana huwezi kuvitenganisha, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio hoja. Watangazaji kama Sam Newman na Alan Jones, waliokuwa wakishikilia kwamba kosa ni la Goodes, kila mmoja ukimsikiliza siku yake anaonekana anatoa maoni tu, kama mtu yeyote. Wakipangwa mfululizo na sauti ya uwanja ikapita katikati yao, unasikia jinsi studio inavyoipa uwanja sababu, na uwanja unavyoirudishia studio habari ya kuzungumza. Hakuna anayekuambia hivyo. Unasikia mwenyewe.

Ugomvi wangu na Darling ni kwamba njia aliyochagua inamnyima mhusika wake mkuu moyo. Goodes tunamwona kwa nje muda wote. Tunaona uso wake baada ya mechi, tunaona anavyochagua maneno mbele ya vipaza sauti, basi. Hapo ndipo Gordon na Grant wanapopata nafasi yao. Katika The Australian Dream Goodes anakaa na kusema. Tunamsikia mama yake, mmoja wa wale wanaoitwa Vizazi Vilivyoibwa, watoto wa Kiaborijini walioondolewa kwa familia zao kwa sera ya serikali. Tunafuatana na Goodes mpaka nchi ya Waadnyamathanha. Pia wamefanya jambo la kiungwana ambalo waandishi vijana tunaogopa kulifanya: wamempa kiti Andrew Bolt, mwandishi wa safu aliyempinga Goodes waziwazi, aseme hoja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Wengi wetu adui wa hadithi tunamwandikia sentensi za kijinga ili ashindwe haraka. Bolt hakuandikiwa. Anasema, na msomaji, samahani, mtazamaji, anabaki na kazi.

Ila filamu hii ya pili inatushika mkono mno. Stan Grant ni msemaji hodari. Hotuba yake ya 2015 kuhusu ubaguzi na ndoto ya Australia ilisambaa sana mwaka uliofuata, na jina la filamu limetoka humo. Lakini hodari wa kusema si lazima awe hodari wa kunyamaza. Kila tukio likitokea anakuja mtu kulifafanua, na mara nyingine wawili. Kuna pahala nilitamani kumwambia, bwana, tuache kidogo tuangalie.

Pahala penyewe ni ile ngoma. Tarehe 29 Mei 2015, Sydney, dhidi ya Carlton, tena katika raundi ya kuwaenzi wenyeji. Goodes anafunga. Anageukia upande wa mashabiki wa Carlton, anapiga hatua za ngoma ya vita, anarusha mkuki usiokuwepo. Sekunde chache tu, imekwisha. Ndipo nchi ikawaka. Watu wazima walikaa studio wakisema wametishwa na mkuki wa hewa! Tangu siku ile zomeazomea ikawa kali kuliko mwanzo.

Filamu zote mbili zinaitumia ngoma hii kama kiungo cha msuko: Goodes kacheza, umati ukakasirika, Goodes akaumia. Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi nadhani ngoma ile ilistahili kukaa yenyewe. Hakuirithi kwa babu, maana familia iliyonyang'anywa watoto inakatika mahali fulani na mengi yanapotea hapo. Alijifunza kwa vijana wa Flying Boomerangs, timu ya wachezaji wa asili walio chini ya miaka 16. Hebu fikiria. Mtu wa miaka 35, mwenye medali mbili za Brownlow, anafundishwa hatua na watoto, halafu anazipeleka mbele ya uwanja mzima. Katika kisa chote mambo mengine anatendewa. Anaitwa, anataniwa, anazomewa, anatetewa. Hapa peke yake ndipo anatenda bila kumjibu mtu, na ukimtazama usoni utaona mtu mwenye furaha, tena ya kitoto kidogo. Sijui kwa nini tunapoandika juu ya watu waliodhulumiwa tunaruka haraka furaha yao, kana kwamba itaharibu kesi.

Wazee wa mpira ule watakwambia wamewahi kuona kitu kama hicho, nao wana haki. Tarehe 17 Aprili 1993, uwanja wa Victoria Park, Nicky Winmar na mwenzake Gilbert McAdam wa St Kilda walitukanwa na mashabiki wa Collingwood kutwa nzima, na bado timu yao ikashinda. Mechi ilipokwisha Winmar akawageukia, akainua jezi, akaonyesha kidole kwenye ngozi yake ya tumbo. Wapiga picha Wayne Ludbey na John Feder wakawahi. Magazeti ya Jumapili yakagawanyika: moja likaandika kwamba Winmar anatangaza kuwa ni mweusi na anajivunia, jingine likaeleza kuwa anaonyesha ushupavu wa timu yake. Picha ile ile, maelezo mawili. Ludbey alikuwa karibu, alisikia kilichosemwa, akapigania maelezo yake yasibadilishwe. Kwa hiyo mstari mmoja chini ya picha ulihitaji mtu wa kuugombania, na leo kila mtu anauona ni wa kawaida.

Nina mswada wa riwaya ambao sura moja ina umati unaomkimbiza kijana sokoni. Baada ya filamu hizi nimeiandika upya mara mbili. Ninachokitafuta hakimo ndani ya yoyote kati yake, nacho ni yule mtu mmoja aliyezomea, baba labda, aliyemleta mwanawe uwanjani, akapaza sauti na wenzake, akarudi nyumbani akala chakula cha jioni akalala vizuri. Hakuna filamu inayomfuata mpaka mezani kwake. Pengine kamera haiwezi. Riwaya inaweza, na kama kuna mwenzangu humu anataka kuwania kazi hiyo, ajitokeze.

Mwaka 2019 AFL na klabu zake 18 ziliomba radhi. Mwaka huohuo sanamu ya Winmar akiwa ameinua jezi ilisimamishwa nje ya uwanja mkubwa wa Perth. Ni Perth hiyohiyo ambako tarehe 26 Julai 2015 Goodes alizomewa mpaka mwenzake Lewis Jetta akafunga bao na kucheza ngoma kwa niaba yake, na baada ya mechi hiyo Goodes akaomba mapumziko. Mwaka 2021 AFL ilitaka kumwingiza kwenye orodha yake ya magwiji, akakataa.

Mwenye nafasi aanze na The Final Quarter, kisha ndiyo aitafute ile nyingine. Na akifika mechi ya Perth asiangalie kioo, afungulie sauti mpaka mwisho asikilize.