Darasa la Jioni Langoni pa Chuo: Uhakiki wa Mafundisho ya Dini kwa Vijana wa Nyanda za Juu za Kigoma

Mhakiki anapopewa tamthiliya huuliza mambo mawili: inasema nini, na inasemaje. Maswali hayo, ambayo tumezoea kuyaita maudhui na fani, hatuyatumii mara nyingi nje ya vitabu. Hata hivyo ziko kazi nyingi za lugha zinazotendwa kila juma mbele ya hadhira kubwa kuliko ile ya riwaya zetu, wala hakuna anayezihakiki. Mojawapo ni mafundisho ya dini wanayopewa vijana wa vyuo nje ya ratiba ya masomo: katika kanisa lililo jirani, katika msikiti ulio ng'ambo ya barabara, au katika chumba cha darasa kilichoazimwa kwa saa mbili za jioni. Tunakusudia kuyatazama mafundisho hayo kama yanavyofanyika katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, na kuyapima kama tunavyopima kazi nyingine yoyote ya utamaduni wetu.

Kijana wa Kakonko, mahali palipokuwa milki ya Buyungu katika enzi za Wami, akitaka kuwa mwalimu hana haja ya kuvuka mkoa. Huelekea kusini kupitia Kibondo mpaka Kasulu, na huko hukuta vyuo viwili vya ualimu, cha Kasulu na cha Kabanga. Kabanga pana misheni ya Kikatoliki na hospitali yake. Kasulu ndiko kwenye makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1966. Misikiti ipo, na makanisa ya Kipentekoste yapo. Kijana hajamaliza kufungua sanduku lake, tayari amekwisha kualikwa: na wenzake wa UKWATA, au wa TYCS ya Wakatoliki, au wa CASFETA, au wa TAMSYA ya Waislamu. Hatusemi kwamba vikundi hivi ni vibaya. Mtu wa miaka ishirini aliye mbali na kwao huhitaji watu wa kumjulia hali anapougua, na mara nyingi wanaompelekea uji ni hao. Hilo tulikiri kabla ya lawama yoyote.

Lakini kwa nini jambo hili litushughulishe sisi tusio wachungaji wala masheikh? Ni kwa sababu ya kazi inayomngoja kijana huyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa umma, mafundisho ya dini yaliachiwa dini zenyewe, nayo yakatengewa kipindi katika ratiba. Katika kijiji cha milimani, ambako padri hufika kwa nadra na sheikh anakaa mjini, ni nani atakayeshika chaki saa ya kipindi hicho ikifika? Mara nyingi ni mwalimu kijana yuleyule aliyetoka Kasulu au Kabanga mwaka juzi. Kwa hiyo aliyoyasikia Jumamosi jioni langoni pa chuo yatasemwa tena mbele ya watoto wa miaka kumi. Hadhira ya kweli ya mafundisho yale ni watoto hao, ambao hawamo chumbani.

Tuanze na fani. Fani iliyo kongwe zaidi ni ile ya swali na jibu la kukariri. Katika mkoa huu ina historia ndefu. Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa amewaagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Watu wengi hukumbuka katekisimu ile kwa majibu yake mafupi na kuicheka. Wanasahau ile miaka minne. Mwanafunzi alikariri, ni kweli, lakini alikariri akiishi karibu na mwalimu wake, akimwona akilima, akigombana na mkewe, akizika watoto wake. Swali ambalo kitabu hakikuliandika lilipata muda wa kukua na kuulizwa njiani. Madrasa nayo ilikuwa hivyohivyo: mtoto alianza kwa kuhifadhi sura asizozielewa, na maana ikamjia polepole kwa miaka ya kukaa mbele ya sheikh mmoja.

Semina ya vijana wa chuo huchukua siku tatu. Darsa huchukua saa moja baada ya sala ya Alasiri. Fani imerithiwa, muda haukurithiwa. Msemaji mmoja husimama mbele, vijana huandika, na mwisho huambiwa waulize maswali wakati chakula kimekwisha kuiva. Tumehudhuria vikao vya namna hii mara nyingi, vya dini zote mbili, na daftari za vijana ni zilezile: vichwa vya habari vilivyopigiwa mistari miwili, majibu yaliyonukuliwa vizuri, na hakuna hata alama moja ya kuuliza. Yashangaza kwamba hao ni wanafunzi wa ualimu. Mchana wamefundishwa kwamba mtoto si debe la kujazwa maji. Kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967, ambacho kila mwalimu wa nchi hii amekisoma au amejifanya kukisoma, kilitaka shule impe kijana akili ya kudadisi. Jioni kijana anaiweka akili hiyo nje ya mlango pamoja na viatu.

Ipo fani ya pili, nayo ni ushuhuda. Ililetwa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi na Tanganyika. Kwa maoni yetu hii ni mojawapo ya fani zenye nguvu kubwa zilizozaliwa katika Afrika Mashariki karne iliyopita, na wahakiki wa fasihi simulizi wameidharau bila sababu. Mpishi alisimama mbele ya askofu akasema kosa lake, na askofu akasimama mbele ya mpishi akasema lake. Hakuna tamthiliya iliyowahi kuwakutanisha watu wa vyeo hivyo jukwaani kwa usawa namna ile. Lakini fani yoyote hukauka inapogeuzwa kuwa desturi. Leo ushuhuda wa chuoni una sehemu tatu zisizobadilika: nilikuwa, nikasikia, nikaacha. Kijana asiye na dhambi kubwa hujikuta amepungukiwa na maudhui, hivyo huazima. Tumewahi kumsikia mmoja wa miaka kumi na tisa akiungama ulevi ambao, kwa posho ya chuo, asingeweza kuumudu.

Fani ya tatu ni mhadhara wa kulinganisha vitabu, uliosambaa nchini katika miaka ya 1980. Msemaji husimama uwanjani na kitabu cha dini nyingine mkononi, husoma aya, huuliza, na umati hushangilia. Waislamu waliuendeleza kwa ustadi mkubwa, na Wakristo nao wakajibu kwa mihadhara yao. Vijana wa vyuo huupenda, nasi hatuwalaumu, maana angalau hapa kitabu kinafunguliwa na hoja inatafutwa, jambo ambalo semina ya siku tatu haifanyi. Una utamu wa ngonjera. Ubaya wake ni kwamba humzoeza kijana kusoma kitabu cha jirani yake kama mtu anayetafuta mahali penye ukuta mbovu. Mwalimu aliyelelewa hivyo akiingia darasani Kakonko, ambamo mtoto wa Mwislamu na wa Mpentekoste wanakalia dawati moja na pengine ni ndugu wa ukoo mmoja, atawafundisha nini?

Kuhusu lugha tuna mengi ya kulalamikia. Waislamu wanayo tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969. Wakristo wanayo Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Zote mbili ni kazi kubwa za Kiswahili, na mwanafunzi wa sekondari angefaidika hata akizisoma kwa ajili ya lugha tu. Lakini msemaji wa jioni hazisomi kwa utulivu. Huzichomoa maneno mazito na kuyarundika. Utakaso, kuhesabiwa haki, tauhidi, uchamungu, yote yanapita bila kufafanuliwa, kana kwamba neno likiwa gumu ndiyo limekuwa takatifu. Msikilizaji ni kijana ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiha. Katika Kiha yumo Imana, jina la Mungu ambalo bibi zake walilitamka kabla ya misheni ya kwanza, na ambalo Waha wanalishiriki na Warundi na Wanyarwanda. Katika vikao tulivyohudhuria hatukulisikia jina hilo likitajwa, isipokuwa mara moja, kwa dhihaka.

Na hazina ya Kiswahili chenyewe imeachwa sandukuni. Mwana Kupona wa Pate alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa anamfundisha binti yake dini na maisha, mwanamke mkubwa akisema na mwanamke kijana, kwa beti zinazosomwa mpaka leo. Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, mwaka uleule aliojiunga na Makerere, yaani alikuwa kijana wa umri wa hawa tunaowazungumzia. Naye uzeeni akazitia habari za Injili katika utenzi, uliochapishwa mwaka 1996. Tungetegemea kwamba chuo cha ualimu katika nchi ya Nyerere kingekuwa na kikundi kimoja cha dini kinachoughani. Pengine kipo. Sisi hatujakibahatisha.

Tukija kwenye maudhui, tatizo si yasemwayo bali yasiyosemwa. Kijana wa Kakonko amekulia karibu na kambi za wakimbizi. Kambi ya Mtendeli, iliyofungwa mwaka 2021, ilikuwa katika wilaya yake. Amewaona Warundi wakija wakiwa na godoro na sufuria, wakisema lugha ambayo yeye huielewa bila mkalimani. Amesikia nyumbani watu wakiwahurumia na watu wakiwalaumu kwa kuni na kwa wizi. Iko dini gani isiyo na neno juu ya mgeni? Lakini kijana huyu anaweza kukaa miaka yote ya chuo akihudhuria kila Jumamosi, asisikie hata siku moja jambo hilo likiletwa mezani. Atasikia sana juu ya mavazi. Atasikia juu ya muziki. Mahari, shamba la urithi ambalo dada hapewi, mkopo wa kikundi usiolipwa, hayo yanaachiwa dunia. Mwaka 1970, akiwa New York mbele ya masista wa Maryknoll, Nyerere alisema kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mipango inayowadidimiza maskini litaonekana kuwa ni mali ya wanaodhulumu. Hotuba hiyo inatajwa mara kwa mara katika mikutano ya viongozi. Kwa vijana wa chuo haijateremka.

Tutaje kisa kimoja, maana ndicho kilichotusukuma kuandika. Katika shule moja ya msingi ya huko Buyungu tulikaa nyuma ya darasa wakati wa kipindi cha dini. Mwalimu alikuwa kijana, mpole, na daftari lake la semina lilikuwa wazi mezani. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, babu wa babu yangu alikufa kabla dini haijaja. Yuko wapi?" Mwalimu alilitazama daftari. Swali halikuwamo. Akajibu kwa lile lililokuwa karibu nalo, kwamba wasioamini wamepotea motoni, akaendelea na somo. Msichana aliketi, na muda wote uliobaki hakuinua mkono tena.

Jioni tulimsimulia mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa kanisa zamani, mtu aliyesoma miaka michache tu. Hakumlaumu kijana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba na yeye aliwahi kuulizwa swali hilo, na mtoto mwingine, miaka mingi iliyopita. Tulimuuliza alijibuje. "Sikumjibu," alisema. "Nilimwambia, 'Mjukuu wangu, mimi huyo babu sikumjua. Kaulize nyumbani alikuwa mtu wa namna gani, kisha uje utusimulie.'" Yule mtoto aliuliza nyumbani, akarudi juma lililofuata, akasimulia kipindi kizima: jinsi babu alivyogawa mtama mwaka wa njaa, na jinsi alivyomficha mtu aliyekuwa anatafutwa auawe. Watoto wengine nao wakataka kusimulia habari za babu zao. "Tukamaliza mwezi," alisema mzee, "bado hatujarudi kwenye kitabu."