Neno "Let" la Waingereza, na Kosa Letu Walimu

Katika kazi ya kufundisha hapana aibu imfaayo mwalimu kuliko ile ya kuulizwa swali na mwanafunzi asijue kulijibu. Sisi tulipata aibu hiyo darasani, nayo imetuletea faida; kwa hiyo twaona yafaa tuwaeleze walimu wenzetu.

Tulikuwa tukisoma na wanafunzi wakubwa mlango wa 5 wa Kitabu cha Kutoka, katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James. Katika mstari wa kwanza Musa na Haruni wamtaka Farao awape watu ruhusa waende, na neno la Kiingereza lililowekwa hapo ni "let". Katika mstari wa nne Farao awakaripia Musa na Haruni kwa kuwazuilia watu kazi zao, na neno lililowekwa ni lile lile "let". Mwanafunzi mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, umetuandikia ubaoni kwamba 'let' ni kuruhusu. Basi Farao awalaumu hawa kwa kuwaruhusu watu kufanya kazi? Si hilo ndilo alitakalo mwenyewe?" Tukatazama ubao, kweli tulikuwa tumeandika hivyo kwa mkono wetu. Tukamwambia kwamba atapata jibu kesho, kisha tukaenda kulitafuta.

Jibu lenyewe ni hili. Waingereza wa kale, kabla Wanormani hawajaitwaa nchi yao mwaka 1066, walikuwa na maneno mawili mbalimbali. La kwanza lilikuwa "lætan", maana yake kuacha, kuachilia, kuruhusu. La pili lilikuwa "lettan", maana yake kukawilisha, kuchelewesha, kuzuia. Miaka mingi ikapita, miisho ya maneno ikakatika vinywani mwa watu, sauti zikakaribiana, mwisho maneno yote mawili yakawa na umbo moja tu, "let". Ni kama watu wawili waliotoka vijiji viwili wakakutana mjini wamevaa kanzu za namna moja: mgeni hawezi kuwatofautisha, lakini wenyeji huwajua kwa mwendo wao.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba watu hao wawili ni ndugu. Wataalamu wa lugha wameonyesha kuwa maneno yote mawili yana asili moja, yenye maana ya ulegevu na uzito wa mwendo. Neno "late", ambalo kila mtoto wa shule hulijua siku anapochelewa, ni la ukoo huo huo. Tawi moja lilishika njia hii: kulegeza, kuachilia, kuruhusu. Tawi la pili likashika njia nyingine: kutia ulegevu, kukawilisha, kuzuia. Shina ni moja, na matunda yamepingana. Waholanzi, ambao lugha yao ni jirani ya Kiingereza, wameyatenga mpaka leo: "laten" kwao ni kuacha na kuruhusu, na "beletten" ni kuzuia.

Wale waliofasiri Biblia ya mwaka 1611, basi, hawakukosea hata kidogo, kwa maana wasomaji wao walizijua njia zote mbili. Shakespeare, aliyeishi wakati huo, alilitumia neno hili vivyo hivyo katika mchezo wake wa Hamlet: kijana Hamlet ataka kuifuata roho ya baba yake, rafiki zake wamshika, naye atisha kumwua yeyote atakayemzuia, na neno la kuzuia hapo ni "let". Mtume Paulo naye, katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 1, mstari wa 13, asema kwamba mara nyingi alikusudia kwenda Rumi akazuiliwa. Waingereza wa 1611 waliandika "let" hapo pia. Asomaye leo kwa haraka atadhani kwamba Mtume aliruhusiwa, na kama aliruhusiwa, mbona hakwenda? Hatari hiyo iliwafanya Waingereza wenyewe waliposahihisha Agano Jipya, likatolewa mwaka 1881, waliondoe neno lile na kuweka lingine lililo wazi. Biblia yetu ya Kiswahili haina shida hiyo, kwa kuwa imesema kuzuiliwa.

Hata hivyo ndugu wa pili hajafa kabisa. Katika pasi ya kusafiria ya Uingereza kuna maneno ya kuomba kwamba mwenye pasi apite pasipo "let" wala kizuizi. Na katika mchezo wa tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaanguka mahali pake, husemwa "let", nao hupigwa tena, kwa kuwa umezuiliwa kidogo njiani.

Tukija kwa ndugu wa kwanza, ambaye ndiye anayetembea kila siku, twaona kwamba yeye naye hatoshi kuvikwa nguo moja ya "ruhusu". Tazama mifano. "Let him go" ni "mwache aende". "Let us pray" ni "tuombe", wala hapana anayeombwa ruhusa hapo. "Let me see", mtu anapofikiri, ni "hebu nione". Mwenye nyumba akibandika mlangoni maneno "to let", maana yake ni nyumba ya kupangisha. Wala mpangaji hawezi kusema kwamba ame-"let" nyumba ya mtu, maana kazi hiyo ni ya mwenye nyumba tu, kama vile kwetu kupanga ni kwa huyu na kupangisha ni kwa yule. "He cannot read, let alone write" ni "hawezi kusoma, sembuse kuandika". Na "let down" ni kushusha, kama kamba kisimani, au kumvunja mtu moyo aliyekutumaini. Neno moja la Kiingereza, na kwetu ni acha, hebu, pangisha, sembuse, shusha. Na mara nyingine si neno lo lote, ila mwisho wa "e" katika kitenzi umetosha.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno la lawama, nasi twaanza na nafsi zetu. Wengi wetu tulifundishwa Kiingereza kwa orodha: Kiingereza upande huu, Kiswahili upande huu, na mstari katikati. Tulikariri, tukafaulu mtihani, kisha tukawapa watoto orodha ile ile kama urithi. Hatukatai kwamba orodha humsaidia anayeanza. Lakini orodha husema uwongo pale inapoonyesha kwamba kila neno lina mwenziwe mmoja ng'ambo ya mstari. Na uwongo huo huharibu lugha mbili kwa mara moja. Mtoto husoma Kiingereza asikielewe. Kisha akiandika Kiswahili husema, "Ruhusu sisi tuombe," au, "Acha sisi twende," maneno ambayo bibi yake nyumbani akiyasikia atauliza ni nani aliyewashika.

Wako na watu wasemao kwamba neno lenye maana mbili zinazopingana ni upungufu wa Kiingereza. Hao twawaomba wasikilize lugha yao wenyewe. Mtoto akichezea kisu, mama humwambia, "Acha!" yaani asifanye. Mtoto akicheza mchangani, na mmoja akitaka kumwondoa, mama husema, "Mwache!" yaani afanye. Neno ni moja. Hapa lakataza na pale laruhusu, wala hapana mtoto aliyepotea kwa sababu hiyo. Aachaye hulegeza mkono: ama mkono wake mwenyewe ulioshika kitu, ama mkono uliomshika mwenziwe. Twalijua jambo hili tangu utotoni bila kuandikiwa ubaoni, kwa kuwa tulilipokea neno pamoja na jamaa zake, si peke yake.

Basi shauri letu kwa walimu ni hili. Neno la Kiingereza lisifundishwe pasipo sentensi, tena sentensi zisipungue tatu, kila moja na maana yake. Mwanafunzi aulizwe, "Bibi yako angesemaje hapa?" ndipo aandike Kiswahili chake. Na kitabu cha zamani kikisomwa, mwalimu atazame kwanza mwaka wake, akijua kwamba maneno hutembea, na kwamba mwandishi wa miaka mia nne iliyopita hakuwaandikia watoto wetu. Mambo haya hayahitaji fedha; yahitaji mwalimu asiyeona haya kufungua kamusi mbele ya darasa.

Siku ya pili tulifuta orodha yetu, tukachora mti wenye shina moja na matawi mawili, tukawaeleza wanafunzi habari hizi zote. Yule aliyeuliza alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe Musa alitaka Farao alegeze mkono, na Farao aliona Musa awalegeza watu mikono." Tukamwambia kwamba amelifahamu kuliko tulivyolifahamu sisi. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba kuulizwa nako si fedheha, mradi mwalimu arudi kesho yake na jibu.