Chapa, Piga Chapa na Chapisha: Matumizi ya Neno Moja katika Kisii na Nyamira

Neno chapa ni miongoni mwa maneno ambayo sisi walimu wa Kiswahili huyapitia upesi kwa kudhani kwamba kila mtu anayajua. Tukiulizwa, hutaja nomino yenye maana ya alama iliyogandamizwa juu ya kitu, na kitenzi chenye maana ya kupiga. Kisha huongeza piga chapa na chapisha, na aghalabu maneno haya mawili huyaeleza kana kwamba ni mapacha. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba si mapacha hata kidogo, na kwamba wanaoihifadhi tofauti yao si sisi tunaosahihisha insha, bali ni watu wa kawaida wa Kisii na Nyamira, ambao wengi wao walikipata Kiswahili baada ya Ekegusii.

Nomino chapa ilitujia kutoka Bara Hindi pamoja na biashara. Katika Kihindi mzizi wake unahusu kugandamiza alama na kupiga chapa. Kitenzi chapa, cha kumchapa mtu fimbo, kina sura nyingine: kina jamaa zake chapua na chapuka, wenye umbo la Kibantu kabisa. Je, ni neno moja au ni mawili yaliyofanana kwa bahati? Mwanaisimu wa historia atajibu kwamba ni mawili, na pengine ana haki. Lakini kinywani mwa msemaji yamekwisha kukutana. Kiswahili hupiga chapa kama kinavyopiga pasi, muhuri, simu na picha. Na pale penye kupiga, kitenzi cha fimbo hakikosi kusogea karibu. Ndiyo maana mtu huyohuyo huchapa kazi, huchapa mguu, huchapa barua kwa taipureta, wala haoni kwamba amevuka mpaka wowote.

Katika nyanda za Wagusii neno hili lina kazi nyingi. Ekegusii haina sauti /p/ ya asili, kwa hiyo chapa hujulikana mara moja kuwa mgeni. Hata hivyo ni mgeni aliyepewa kiti. Chai inayotoka viwanda vya Kebirigo, Sanganyi au Nyansiongo huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa chapa ya kiwanda, na chapa hiyo ndiyo mnunuzi anayoifuata anapopanga bei. Dukani mama hununua Chapa Mandashi kwa ajili ya kuumulia mandazi. Ng'ombe hutiwa chapa. Katika matumizi haya yote chapa ni alama inayosema kitu ni cha nani, au kimetoka wapi. Tuishike maana hiyo, kwani tutaihitaji.

Mashine ya chapa yenyewe haikuchelewa kulikaribia eneo hili. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakapanda mpaka Nyanchwa miaka michache baadaye. Na huko Gendia ndiko walikosimika mtambo wao. Biblia nzima ya Ekegusii ilitoka mwaka 1988. Kabla ya hapo, mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la mtihani, na mitihani ya majaribio ikahitaji karatasi kwa wingi. Leo, katika miji ya Kisii, Nyamira na Keroka, huwezi kutembea mbali bila kukuta chumba kidogo chenye kompyuta, mashine ya kunakili na kibao cha huduma za uchapishaji.

Ukiuliza ni maandishi gani yanayotoka zaidi katika vyumba hivyo, msomaji wa jarida hili angependa kusikia ni riwaya na diwani. La. Pamoja na mitihani, ni programu za mazishi. Kijitabu hiki chenye picha ya marehemu, taratibu za siku, wasifu na nyimbo, hakijapata kushughulikiwa ipasavyo na wahakiki wetu, ilhali ndicho maandishi yanayosomwa kwa makini kuliko yote. Kwa kawaida wasifu huandikwa kwa Kiingereza na nyimbo kwa Ekegusii, na Kiswahili huwa kiungo baina ya familia na fundi wa mashine. Lakini kabla karatasi haijafika kwa fundi, familia imekwisha kukaa kikao. Nani atatajwa kuwa mke wa kwanza? Mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba ataandikwa au hataandikwa? Mjukuu aliyepewa jina la babu atatajwa wapi? Haya si mambo ya heshima tu. Mahali ambapo mashamba ni madogo na watu ni wengi, orodha iliyopigwa chapa huhifadhiwa kabatini, na siku ya ugomvi wa urithi hutolewa. Jina lililomo ni chapa kwa maana ile ya alama ya mwenye mali. Na jina lililoachwa, mwenyewe huhisi amechapwa kwa maana ile ya fimbo.

Basi tuseme jina la binti mmoja limekosekana, na nduguze wamerudi kwa fundi na hasira. Jibu la fundi linajulikana: "Sisi tulichapa tu. Waliochapisha ni nyinyi." Katika jibu hilo fupi mna sarufi nzima. Chapa ni tendo la mkono na mashine. Chapisha ni kauli ya kutendesha: ina mtu wa pili ndani yake, aliyetaka tendo litendeke, akalilipia, na ambaye ndiye wa kuulizwa. Mgusii hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu lugha yake ina njia hiyohiyo: oroka ni kuonekana, orokia ni kufanya kitu kionekane, na kwa hiyo kuonyesha na kufundisha. Kitu hakijiorokii.

Wanasheria nao wameliona jambo hili. Sheria ya Kenya kuhusu vitabu na magazeti, Sura ya 111, ilitaka kitabu kibebe jina la aliyekipiga chapa na la aliyekichapisha, wala haikuridhika na moja. Kifungu cha uchochezi katika Kanuni ya Adhabu, kilichofutwa mwaka 1997, kilitaja kupiga chapa, kuchapisha, kuuza na kusambaza kuwa matendo mbalimbali, ambalo kila moja lingeweza kumfikisha mtu gerezani.

Hapa sina budi kuwakosoa wenzangu. Kuna desturi idarani ya kumcheka mwandishi wa kijijini asemaye "nimechapisha kitabu changu", eti kwa sababu amekipeleka tu kwa fundi wa stesheneri, akakilipia nakala mia. Kisarufi, mwandishi huyo yu sahihi kuliko sisi. Yeye ndiye aliyesababisha. Yeye ndiye mchapishaji. Kosa liko kwenye kibao cha fundi anayejiita mchapishaji, na kwenye vitabu ambavyo ukurasa wake wa pili una jina la fundi pekee, kana kwamba mashine iliamua yenyewe. Nilipokuwa ng'ambo kwa shahada ya uzamili nilizoea fomu za maktaba zenye nafasi ya mchapishaji bila nafasi ya mpiga chapa, na nilidhani huo ndio ustaarabu. Sasa naona kwamba kwa vitabu vya Kisii fomu hiyo ingepoteza nusu ya habari. Lililopungua kwa mwandishi huyo si haki ya kulitumia neno, bali ni kile kikao ambacho hata familia yenye msiba hukifanya: watu wa kusoma mswada, kubishana, kufuta na kurudisha.

Limebaki jambo moja gumu. Siku hizi programu ya mazishi hutumwa kwa simu usiku, kabla karatasi hata moja haijatoka mashineni. Watu wa Nairobi na wa Marekani huisoma, na ugomvi huanza papo hapo. Imechapishwa bila kuchapwa. Wakati huohuo, baadhi ya programu za kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimeweka neno chapisha penye amri ya kutoa karatasi tu, mahali ambapo fundi wa Keroka angesema chapa. Watunga istilahi wanaoketi mbali wangefanya vyema kwenda kumsikiliza siku ya Alhamisi, wakati familia tatu zinangoja foleni na kila moja imekuja na orodha yake.