Mfupa wa Nani

Kijana wa Kimarekani aliyeandikishwa jeshini wakati wa vita vya Korea alisimamishwa mbele ya mashine ya eksirei, akaambiwa avute pumzi na asitikisike. Daktari alikuwa akisaka kifua kikuu. Mapafu yakionekana safi, picha ilitiwa kwenye faili na kijana akapelekwa vitani. Juu ya mapafu hayo, bila daktari kujali, picha ilikuwa imenasa pia mitulinga yake miwili.

Miongo kadhaa baadaye, picha hizo zikageuka hazina. Askari wengi waliokufa Korea walipelekwa kwanza Kokura, Japani, ambako mabaki yao yalipakwa dawa ya kuhifadhia, kisha wale waliokosa majina wakazikwa katika makaburi ya Punchbowl, Honolulu. Dawa ile iliharibu vinasaba. Kipimo cha DNA kilipopatikana, mifupa mingi ya Kokura haikujibu kitu. Hapo ndipo wataalamu wa maabara iliyopo Hawaii, ambayo leo iko chini ya DPAA, idara ya Marekani ya kutafuta askari waliopotea vitani, walipoukumbuka mtulinga. Mfupa huu una mpindo wake, vinundu vyake na unene wake, na umbo hilo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Basi wanauchukua, wanausafisha, wanaupiga eksirei ukiwa umelazwa kama ulivyokaa mwilini mwa mtu aliyesimama, halafu wanaulinganisha na picha za zamani. Kompyuta husaidia kupunguza orodha ya majina. Anayeamua ni jicho lililofundishwa, likipita mpindo kwa mpindo, likihamia pingili za shingo na za mgongo wa juu, likitafuta sababu ya kukataa kabla ya kutafuta sababu ya kukubali.

Huo mpangilio wa kutafuta sababu ya kukataa ndio ninaouheshimu kuliko mashine zao zote. Maabara imeuweka hata kwenye utaratibu wa kazi. Mtaalamu anayepewa mifupa aichunguze hafahamishwi inadhaniwa ni ya nani. Anaipanga juu ya meza, fuvu kichwani, vidole vya miguu mwishoni, anapima, anaandika umri, kimo, majeraha ya zamani na ya siku ya kifo, bila jina lolote la kumvuta. Ripoti yake inasomwa na wenzake na kuhojiwa. Baadaye ndipo inawekwa kando ya meno, vinasaba na kumbukumbu za vita, ionekane kama vyote vinaelekea kwa mtu mmoja.

Kazi iliyowapima kweli ni ile ya manowari USS Oklahoma. Ilipinduka Pearl Harbor asubuhi ya Desemba 7, 1941, na watu 429 wakafa ndani yake. Wengi hawakutolewa mpaka meli ilipoinuliwa mwaka 1943, na kufikia hapo miili ilikuwa mifupa mitupu, imechanganyika, imelowa mafuta ya meli. Baada ya vita, watu 35 tu ndio waliotambuliwa. Waliobaki walizikwa Punchbowl kama wasiojulikana, watu wengi katika jeneza moja. Mwaka 2003, kutokana na ubishi wa mzee mmoja aliyenusurika Pearl Harbor, Ray Emory, aliyezichambua nyaraka mwenyewe kwa miaka mingi, jeneza moja lilifukuliwa. Ilidhaniwa lina watu watano. Vinasaba vilionyesha karibu watu mia moja.

Majeneza mengine yalifukuliwa mwaka 2015, na kulipatikana mifupa yapata 13,000. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kwenye maabara ya pili, huko Offutt, Nebraska. Jaribu kufikiri pa kuanzia. Unatenga kulia na kushoto. Unatafuta mfupa wa paja wa kushoto unaofanana na huu wa kulia, kisha nyonga ambayo kichwa cha paja kinaingia sawasawa. Unapima mkono na mguu na kuuliza kwa hesabu kama vinaweza kuwa vya mwili mmoja. Unatazama ncha ya mtulinga upande wa kidari, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa kuungana mwilini: ikiwa bado wazi, huyu ni kijana. Mabaharia wale wengi wao walikuwa vijana, kwa hiyo hata alama hiyo haikupunguza sana. Vinasaba vya upande wa mama navyo vina mpaka wake. Hurithiwa na ndugu wote wa mama mmoja, na watu wasiojuana wanaweza kuwa navyo sawa. Mabaharia kadhaa wangeweza kuangukia kundi moja. Ikabidi kurudi kwenye meno, kwenye kimo, kwenye kipimo kingine. Miaka ikaenda hivyo.

Kwetu Pwani mwosha maiti hufundishwa kunyamaza. Alichokiona mwilini mwa marehemu hubaki kwake. Hawa wa maabara wana adabu ileile ya mikono, lakini ya ulimi imegeuzwa: wanapaswa kusema. Jina likithibitishwa, afisa hufika kwa jamaa akiwa na ripoti nzima, anakaa nayo, anaeleza kilichopatikana na kisichopatikana. Pengine ni fuvu na mifupa michache tu. Halafu huwauliza jambo zito: kipande kingine kikitambuliwa baadaye, mnataka mwambiwe, au kihifadhiwe kwa heshima bila kuwarudisha msibani? Jibu linaandikwa na kuheshimiwa. Sijui swali la kikatili zaidi, wala la upole zaidi.

Taasisi zilezile zimewahi kwenda kinyume, na hapo ndipo thamani ya kazi hii inaonekana. Luteni Michael Blassie alidunguliwa karibu na An Loc, Vietnam, mwaka 1972. Mabaki machache yalipatikana miezi baadaye pamoja na kitambulisho chake. Kitambulisho kikapotea. Mwaka 1980, kwa vipimo ambavyo baadaye vilionekana si sahihi, jina lake likaondolewa, na mwaka 1984 mifupa ile ikazikwa katika makaburi ya Arlington kama Askari Asiyejulikana wa Vietnam, rais akihutubia. Ndugu zake hawakuwa wameambiwa. Walipojua, walidai kaburi lifunguliwe, na mwaka 1998 vinasaba vikathibitisha ni yeye. Akazikwa upya St. Louis, karibu na kwao. Lile kaburi la Arlington limeachwa tupu. Taifa lilikuwa likihitaji ishara, na aliyekuwa na jina akageuzwa ishara.

Nchi za karibu nazo hazina haki ya kujitenga na hadithi hiyo. Baada ya kambi ya jeshi la Kenya kushambuliwa El Adde, Somalia, Januari 2016, miili mingine ilibidi itambuliwe kwa DNA, na idadi kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza. Mafundi wa maabara walikuwepo. Kilichokosekana hakikuwa darubini.

Kati ya watu 394 wa Oklahoma waliokuwa bila majina, zaidi ya 350 sasa wamerudishiwa. Katika ukuta wa waliopotea pale Punchbowl, kila aliyetambuliwa huwekewa ua dogo la shaba kando ya jina lake. Mradi ulipofika mwisho walibaki 33. Mifupa ilikuwepo, orodha ya majina ilikuwepo, na mtu mwenye haraka angeweza kuyagawa majina kwa kukisia, hesabu ikatimia. Walizikwa tena Desemba 7, 2021, kama wasiojulikana, na maabara ikaendelea na mabaharia wa meli nyingine za siku ileile, West Virginia na California.