Fanani na Hadhira katika Sanaa ya Video Fupi

Katika fasihi simulizi hadhira si watazamaji tu. Fanani anapotamba ngano, waliomzunguka humwitikia, humsahihisha na hata humkatiza. Naye huibadilisha hadithi kwa kadiri ya anaowaona mbele yake. Kwa kipimo hiki yafaa kuihakiki sanaa ya video fupi itazamwayo katika simu za mkononi. Wengi wameidharau kuwa ni mchezo wa watoto. Dharau hiyo haimsaidii mhakiki, kwani katika muda wa miaka kumi na kitu sanaa hii imebadilisha umbo lake na hadhira yake pia.

Vine, iliyofunguliwa mwaka 2013, ilimpa msanii sekunde 6 tu. Ufinyu huo ulikuwa sheria ya fani kama mizani ilivyo sheria ya shairi: kichekesho kilipaswa kuanza, kupinduka na kuisha upesi, kisha kijirudie chenyewe. Mtazamaji alimchagua msanii wa kumfuata. Jukwaa hilo lilifungwa Januari 2017, wasanii wake mashuhuri wakiwa wamekwisha kuhamia penye malipo. Musical.ly, iliyoanza mwaka 2014, ilikuwa na hadhira nyingine, yaani vijana wadogo waliofuatisha kwa midomo nyimbo za wengine. Kampuni ya ByteDance ya China iliinunua mwaka 2017, na Agosti 2018 ikaiunganisha na TikTok. Baadaye urefu wa video uliongezwa hadi dakika 3 mwaka 2021, na dakika 10 mwaka 2022. Ufupi uliokuwa sheria ukawa hiari.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi si la urefu. Katika TikTok mtambo ndio unaomteulia mtazamaji cha kutazama, kwa kupima alipokawia na alipopita haraka. Hadhira haikusanyiki tena, hukusanywa. Fanani hutamba gizani, asijue ni nani atakayeketishwa mbele yake.

Katika hali hiyo fanani mwenyewe huweza kupotea. Mwaka 2019 Jalaiah Harmon, msichana wa miaka 14 katika jimbo la Georgia, Marekani, alitunga ngoma iitwayo Renegade. Ngoma hiyo ilienea katika TikTok kupitia kwa wengine, ambao ndio waliovuna umaarufu, na jina lake halikutajwa sana hadi mwaka 2020. Pengine itadaiwa kwamba ngano nayo haina mwenyewe. Dai hilo lina kasoro. Ngano ni mali ya jamii inayoitunza na kufaidika nayo. Ngoma ya mtandaoni huleta matangazo na fedha, na fedha hizo zina mwenyewe.

Lakini hadhira iliyokusanywa na mtambo si lazima ibaki bubu. Agosti 2023 Bunge la Kenya lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku, kwa hoja kwamba yaliyomo huharibu maadili. Haukupita mwaka, na Juni 2024 vijana wa Kenya wakalitumia jukwaa lilelile kuufafanua Mswada wa Fedha kwa lugha ambazo wazazi wao wanazielewa. Waliotazama walijibu kwa video zao, kisha wakajibu barabarani, na baadhi yao wakauawa. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo. Hapa mwitiko wa kale ulirejea, na mchezo wa watoto ukawa hoja ya taifa.

Kwa hiyo swali la mhakiki lisiwe kama video hizi ni sanaa au upuuzi, bali ni nani anayeikusanya hadhira, kwa faida ya nani, na hadhira hiyo inajibu nini. Aidha, majukwaa hufungwa, na yaliyomo hufutika. Video hizi zastahili kukusanywa kama ngano zilivyokusanywa vijijini: pamoja na mahali, tarehe, hadhira na, kabla ya yote, jina la fanani.